Chura Huyu Ni wa Ukoo Gani?

Kuna chura anayeuzwa ghali kuliko mbuzi, na wateja wanamgombea. Nilipomweleza shangazi yangu wa Mang'ula kwenye simu alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama kazi bado ninayo. Kwake yeye chura ni kitu cha kufagiwa nje kwa ufagio wa chelewa masika yakianza. Kumkatia chura nauli ya ndege ni jambo asilolitarajia kwa mtu aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo mzima.

Naishi Columbus, Ohio, na nafuga vyura wa jamii ya Bufonidae, wale wa ngozi kavu yenye vipele na miguu mifupi, wanaotembea zaidi kuliko wanavyoruka. Wale wa kijani wenye macho mekundu wanaopendeza kwenye kalenda siwafugi. Wana mashabiki wao wa kutosha. Ninaandika kwa ajili ya ndugu wanaoniulizia, wengi wao huku huku Marekani na wachache Ulaya, namna ya kumpata chura adimu kutoka nchi nyingine bila kuingia matatani. Inawezekana. Lakini kabla ya kufika kwenye fomu na ada inabidi nipitie Kihansi, kwa sababu swali ninaloulizwa na Watanzania kuliko yote ni hili: "Wale wa Kihansi unaweza kuwapata?"

Hapana. Wala usimwamini atakayekuambia anaweza.

Mto Kihansi unaporomoka kutoka ukingo wa milima ya Udzungwa, na pale maji yalipokuwa yakipiga miamba kulikuwa na manyunyu mwaka mzima. Ndani ya manyunyu hayo, kwenye eneo la hekta mbili hivi, ndipo alipoishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hajapata kuonekana porini pengine popote duniani. Jike aliyekomaa hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai, huzaa vitoto vilivyokamilika, na miguu yao yote minne. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa juu yake. Bwawa lilipoanza kazi mwaka 2000, maji ya maporomoko yalipungua kwa karibu asilimia 90 na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York, na baadaye wengine wakagawiwa bustani nyingine, ya Toledo ikiwamo. Kule bondeni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2003 idadi yao ilikadiriwa kupita 20,000. Ilipofika Januari 2004 walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kuvu la kitridi, lile linaloshambulia ngozi za vyura, lilikuwa limeingia. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikamtangaza kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao.

Mimi mtoto wa Kilombero nimemwona chura wa Kihansi kwa mara ya kwanza Toledo, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka kwangu, nyuma ya kioo, nikiwa nimezungukwa na watoto wa shule waliovaa fulana za manjano. Nilimtafuta kwenye majani nisimwone mpaka alipotikisa koo. Mtoto mmoja akaniuliza kama nimemwona, nikamwonyesha, akasema "ni mdogo mno" na kukimbilia kwenye viboko.

Huyo hauzwi. Jenasi yake yote, Nectophrynoides, imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 1975. Kwa maneno mengine alikatazwa kuuzwa kimataifa miaka 21 kabla ya mtu yeyote wa maabara kujua kwamba yupo. Kwenye kiambatisho hicho wamo pia chura wa dhahabu wa Panama, ambaye wenzetu wa kule humweka hata kwenye tiketi zao za bahati nasibu, na yule wa dhahabu wa Monteverde, Costa Rica, ambaye hajaonekana tena tangu 1989. Aliyetoweka naye bado amekatazwa kuuzwa. Sheria haina haraka ya kumfuta mtu.

Kuna wanaosema: basi hao wa CITES tuwaache, mimi nataka tu chura wa kawaida kutoka Tanga, hayumo kwenye orodha yoyote. Hapo ndipo wengi wanapotumbukia. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, muda mfupi baada ya tumbili 61 kukamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kwenda Albania, na huku nchi nzima ikiwa bado haijasahau twiga waliopandishwa ndege kwenda Qatar mwaka 2010. Mwaka 2022 likatoka tangazo la kuruhusu kwa muda, likasitishwa upesi. Sasa huku Marekani ipo sheria iitwayo Lacey, ya mwaka 1900, nayo ina tabia moja ambayo watu hawaitegemei: inazibeba sheria za nchi za wenzake. Mnyama akitolewa alikotoka kinyume cha sheria ya huko, kumwingiza, kumnunua au kumuuza hapa ni kosa la hapa. Kwa hiyo chura wa Tanga ndani ya chupa ya maji, ambaye Tanga wanamkanyaga kila siku, anaweza kukufikisha mahakamani Ohio. CITES haikuhusika popote.

Ndiyo maana nasema kibali si kitu cha kwanza. Kibali ni karatasi, na karatasi hupatikana. Cha kwanza ni ukoo. Mzee akipokea barua ya posa haulizi kwanza mahari. Anauliza kijana ni wa nani, babu yake nani, wanatokea wapi. Kwa chura uliza hivyo hivyo, na asiyeweza kukujibu muage salama.

Niliamua kuagiza vyura weusi wenye madoa ya manjano kutoka nyanda za Chaco, kule Paraguay, Argentina, Bolivia na Brazil. Kisayansi ni Melanophryniscus klappenbachi. Ni wadogo, sentimita mbili na nusu hivi, hutembea mchana kweupe bila woga, na wakati naagiza hawakuwamo kwenye orodha za CITES. Muhimu zaidi, wamekuwa wakizalishwa na wafugaji wa Ulaya kwa miaka mingi, na wazazi wa mwanzo walitoka Amerika ya Kusini enzi ambazo walikuwa wakisafirishwa kwa njia iliyoruhusiwa. Ukoo unaelezeka.

Katika kutafuta nikaingia kwenye vikundi vya wafugaji, nikajiandikisha, nikajitambulisha, nikauliza. Hapo mtu hujulikana haraka. Usiku mmoja nikaletewa picha na muuzaji mmoja wa Ulaya ambaye simtaji: chura mwenye vipele vya kijani mgongoni na tumbo jekundu kama limechovywa kwenye rangi. Nilikuwa namfahamu kwa picha. Melanophryniscus admirabilis. Nikamuuliza muuzaji wazazi wao walitoka wapi. "Wamezaliwa hapa kwangu." Wazazi wa hao wazazi je? Hiyo ni siri ya biashara, akasema, akaongeza kwamba wamebaki wachache na kuna Mjapani anawataka.

Hesabu yake haihitaji kalamu. Chura huyo alitambuliwa rasmi na sayansi mwaka 2006. Anaishi kwenye kipande kimoja cha mto Forqueta, jimbo la Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazil, kipande ambacho unaweza kukitembea chote kabla chai haijapoa. Brazil tangu mwaka 1967 ina sheria inayosema wanyamapori ni mali ya taifa, na haijatoa vyura wa porini wa namna hiyo kwenda kuwa wanyama wa nyumbani. Basi babu wa chura yule wa kwenye picha alitokaje? Aliibwa. Hata kama wajukuu kumi wamezaliwa kwenye tangi safi lenye taa nzuri huko Ulaya, babu aliibwa, na Lacey humfuata mjukuu.

Nilikaa na picha ile kuliko ilivyostahili, na sababu haikuwa tamaa peke yake. Mto Forqueta nao ulitakiwa kuwekewa bwawa dogo la umeme, juu kidogo ya pale vyura wanapozaliana. Mwaka 2014 mamlaka ya mazingira ya jimbo ikakataa kutoa kibali, kwa sababu ya chura huyo. Mtu wa kwetu akisoma habari hiyo lazima aisome mara mbili. Siwalaumu waliojenga Kihansi; shangazi ana taa, na megawati 180 si mchezo. Lakini kwamba kuna chura aliyezuia bwawa, halafu akaja mtu akamtia mfukoni na kuondoka naye! Nikamjibu muuzaji kwamba sihitaji, nikaripoti tangazo lake kwa wasimamizi wa kikundi.

Na msidhani maandishi ya "amezaliwa kizuizini" yanamaliza maneno. Kwenye vibali vya CITES kila mnyama huwekewa herufi: W ni wa porini, C ni aliyezaliwa kizuizini na wazazi waliozalishwa kwa utaratibu unaokubalika, F ni aliyezaliwa kizuizini lakini hajafikia masharti ya C. Herufi C ndiyo inayotafutwa, na kinachotafutwa hughushiwa. Kuna kipindi kumbukumbu za biashara hiyo zilionyesha vyura wa sumu wa Amerika ya Kusini wakiingia Thailand kutokea Kazakhstan, kupitia Lebanon, wote wakiwa wamezaliwa kizuizini kwa mujibu wa karatasi. Kazakhstan! Watafiti waliozipitia karatasi hizo walijiuliza swali lile lile la wazee wetu kwenye posa.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa mikono safi. Colombia yupo Iván Lozano na kampuni yake ya Tesoros de Colombia, anayezalisha vyura wa sumu kwa leseni ya serikali ili soko la magendo likose wateja. Ecuador ipo kampuni ya Wikiri. Hao ni vyura wa aina nyingine, siyo hawa wangu wa vipele, lakini nawataja kwa sababu ndio walionifundisha kiwango cha maelezo ninachoweza kudai kwa muuzaji: wazazi, kituo, leseni, tarehe. Ukishazoea kupewa hayo, "siri ya biashara" haikuingii tena masikioni.

Mwishowe nilimpata mzee mmoja Ujerumani, mstaafu, anayewafuga hao wa Chaco kwa miaka mingi na ana daftari. Kila kizazi kimeandikwa kwa kalamu ya wino: mvua ilianza lini, mayai lini, viluwiluwi walitoka miguu lini. Alinipigia picha kurasa. Bei yake haikuwa ndogo, naye hakupunguza hata senti, na sikumbembeleza. Alikuwa akihudhuria lile soko kubwa la wanyama watambaao na vyura linalofanyika Hamm kila baada ya miezi michache, ambako wafugaji wa Ulaya nzima hukutana, na huko ndiko alikokabidhi mzigo wangu.

Sasa karatasi, ambazo kwa kweli ndizo sehemu nyepesi. Mnyama yeyote wa pori anayeingia Marekani, hata kama kazaliwa sebuleni kwa mtu, hutolewa taarifa kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori kwa fomu namba 3-177. Hawezi kuingilia mlango wowote. Kuna viwanja na bandari maalumu, kama New York, Miami, Chicago na Los Angeles. Wanyama hai wanataka taarifa saa 48 kabla ya kufika. Anayeagiza kwa biashara anahitaji leseni ya uagizaji. Anayeagiza wa kwake wa kufuga fomu haimwepuki. Ufungaji unafuata kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na shirika la ndege likiona boksi limekaa ovyo linalikataa pale pale kaunta. Halafu angalia sheria za jimbo lako, maana kila jimbo lina yake: California ina orodha ya vyura wakubwa wasioruhusiwa, na Hawaii usijaribu kabisa.

Ada ya ukaguzi hutozwa kwa mzigo, haihesabu vichwa. Ndiyo maana wafugaji wadogo hujiunga chini ya mwagizaji mmoja mwenye leseni, naye hukusanya oda za watu wengi kutoka Hamm, huzileta kwa ndege moja na kupita nazo kwa mkaguzi, kisha humtumia kila mmoja wake kwa kifurushi cha kufika kesho yake. Nilifanya hivyo. Mwagizaji huyo naye nilimhoji kama nilivyomhoji mzee, na alinijibu bila kununa. Anayenuna ana lake. Alinishauri tusubiri Septemba iishe. Chura mdogo huvumilia baridi kiasi, lakini joto la bohari la mizigo mwezi wa Julai humuua kabla hajafika meza ya ukaguzi.

Boksi lilifika asubuhi, bitana nyeupe ya plastiki povu ndani, vikopo vidogo vyenye matundu vimepangwa kwa safu, na kila kimoja kina karatasi ya jikoni iliyoloweshwa. Mfuniko wa kwanza nilioufungua, chura hakukimbia. Alikunja mgongo kuelekea juu mpaka akawa mfano wa upinde, akainua mikono na kunionyesha viganja vyake vyekundu. Ndivyo wanavyotishia: tazama rangi yangu, nina sumu. Sumu yenyewe sehemu kubwa hutokana na sisimizi na utitiri wanaowala porini, na huyu tangu azaliwe kala nzi wa matunda na vinyenje. Alikuwa ananitisha kwa sumu ambayo sehemu kubwa hana. Nikamwaga nzi wachache kwenye kikopo. Akashusha mikono, akatembea hatua tatu na kummeza wa kwanza.

Hapo mtu hutamani kuwaweka wote kwenye tangi kubwa aliloliandaa. Usifanye. Vyura wangu walikaa chumba cha pembeni miezi mitatu, kwenye matangi matupu yenye karatasi na kopo la kujifichia, mbali na wengine. Daktari wa wanyama aliwapitishia kijiti cha pamba tumboni na kwenye nyayo na kukipeleka maabara kutafuta kuvu la kitridi. Kuvu hilo ndilo linalodhaniwa kuchangia kuwamaliza vyura wa Kihansi, na mwaka 2018 watafiti waliofuatilia vinasaba vyake walionyesha kwamba chimbuko lake ni Asia Mashariki, na kwamba biashara ya vyura ni moja ya njia zilizolitawanya. Walilikuta hata kwa wale vyura wa tumbo la moto wanaouzwa kwenye maduka ya kawaida ya wanyama. Mwaka uliofuata hesabu nyingine ilitoa idadi ya aina 501 za amfibia zilizopungua kwa sababu yake, 90 kati ya hizo zikidhaniwa kutoweka kabisa. Mimi nikimwaga maji ya tangi nayatia jiki kwanza na kuyaacha yakae, hata kama vipimo vimerudi safi. Nje ya dirisha langu kuna chura wa Ohio wanaoimba kila Aprili, na hawakuomba ugeni wowote kutoka kwangu.

Kwa mfugaji mzuri kazi haiishii kuwa na chura kwenye kioo. Hawa wa Chaco huzaliana kwa fujo baada ya mvua kubwa, basi unawakalisha kwenye ukavu kwa wiki kadhaa, unapunguza chakula, halafu unawanyeshea kwa pampu ndogo ya maji usiku na mchana. Dume huanza na mlio mwembamba unaotetemeka, mrefu kupita kiasi, ambao mke wangu aliudhani ni kengele ya moshi imeisha betri. Mayai yalikuja. Viluwiluwi ni wepesi kukua, maana kwao dimbwi hukauka haraka. Vitoto vikitoka majini ni vidogo hivi kwamba nzi wa matunda ni mkubwa kwao, na hapo ndipo wafugaji wengi hupoteza karibu wote. Mimi nilivitafutia vidudu vya majani yaliyooza, navyo nilikuwa nimeanza kuvizalisha mapema kwenye ndoo.

Nikimgawia mtu vitoto hivyo nampa na karatasi: wazazi wako kwangu, babu zao Ujerumani, namba ya tamko la kuingilia nchini, nakala ya ukurasa wa daftari la mzee. Kuna jamaa aliniambia karatasi hakuhitaji, anataka chura tu. Nikampa karatasi kwanza.

Walioko Tanzania wanaotaka kuingiza chura wa kigeni kwa ajili ya kufuga, njia inapitia kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 pamoja na masharti ya afya ya mifugo, na anzeni na ofisi ya wanyamapori kabla hamjamlipa mtu hata shilingi. Mimi binafsi nisingeingiza. Jirani zetu wa Madagascar waligundua chura wa Asia bandarini Toamasina mwaka 2014, inaaminika aliingia kwa makontena, na mpaka leo hawajamtoa. Wanyama wa kule wanaokula vyura karibu wote hawana kinga dhidi ya sumu yake. Udzungwa ina vyura wasiopatikana popote duniani. Haina sababu ya kuletewa wageni.

Na yule msomaji aliyeniandikia kwamba anakuja Ohio Desemba na angependa kuniletea zawadi ya chura wa milimani kwenye chupa: asante sana, aniletee majani ya chai ya Mufindi.